Sura ya Sita: Nyantende Katika Mstari wa Anwani

Kusini mwa jiji la Bukavu, mkoani Kivu Kusini, kuna Nyantende. Wenyeji huzungumza Mashi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa ofisini. Kwa watu wa afya jina hilo lina maana ya ziada: Nyantende ni mojawapo ya maeneo 34 ya afya ya Kivu Kusini, kati ya 519 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo la namna hii, ambalo kila mtu pale huliita kwa Kifaransa zone de santé, lina daktari wake mkuu, ofisi yake ya kati na hospitali yake ya rufaa, na chini yake vituo vya afya vinavyosimamiwa na manesi.

Kila mwezi ukiisha, manesi hao hujaza fomu za SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya: watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua. Fomu hupelekwa kwenye ofisi ya kati ya eneo, na hapo mtu huketi mbele ya kompyuta na kuziingiza namba katika mfumo uitwao DHIS2. Kuanzia hapo namba za Nyantende zinaweza kusomwa kwenye ofisi ya mkoa iliyopo Bukavu, na kutoka Bukavu hadi Kinshasa.

DHIS2 ni programu huria inayoendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya mwaka 1994, pale serikali mpya ilipohitaji kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi. Kenya iliuendesha mfumo huo mtandaoni nchi nzima mwaka 2011, na Uganda, Rwanda na Tanzania nazo zikautandaza. Mtumiaji hahitaji kusakinisha kitu. Anafungua kivinjari, anaandika jina na neno la siri, anaanza kazi.

Sura hii inahusu kitu kidogo sana kilichopo juu kabisa ya dirisha la kivinjari hicho: mstari wa anwani. Mtu anayeingiza takwimu za kituo kimoja, za mwezi mmoja, huwa amechagua mambo matatu: fomu gani, kituo gani, mwezi gani. Kwenye skrini yake kuna vipande vingi vinavyohitaji kuyajua mambo hayo kwa pamoja. Je, kila kipande kitayajulia wapi?

Hapo mwanzo swali hilo halikuwapo. Tim Berners-Lee na wenzake walipochapisha kanuni za anwani za wavuti mnamo Desemba 1994, waraka unaojulikana kama RFC 1738, kila anwani ilikuwa ombi kwa seva. Kilichofuata baada ya alama ya kuuliza kilikuwa maelezo ya ombi hilo, yaani vigezo. Seva ilivisoma, ikatengeneza ukurasa mzima, ikaurudisha. Ukibadilisha kituo, ukurasa wote unatoweka na mwingine unakuja. Kwenye mtandao mzito hilo ni adha, lakini lilikuwa na faida moja kubwa: anwani na kilichopo kwenye skrini vilikwenda sambamba daima.

Ndipo zikaja tovuti za ukurasa mmoja. Gmail ilitoka mwaka 2004 na Google Maps Februari 2005, zote zikijengwa kwa mtindo mpya: kivinjari kinapakua programu mara moja, kisha programu yenyewe inavuta data kidogo kidogo na kubadilisha sehemu tu ya skrini. Kasi iliongezeka sana. Lakini mtu akiburuta ramani ya Google kutoka Nairobi hadi Bukavu, anwani ilibaki ileile. Ilibidi Google iweke pembeni kitufe cha kutengenezea kiungo cha mahali ulipofika, kwa sababu mstari wa juu ulikuwa umeacha kusema kweli.

Dawa ya kwanza ilikuwa alama ya reli. Chochote kinachoandikwa baada ya # hakipelekwi kwa seva. Kinabaki kwenye kivinjari, na programu inaweza kukibadilisha bila kupakia ukurasa upya. OpenStreetMap inaitumia mpaka leo. Ukifungua tovuti hiyo kwa #map=13/-2.508/28.861 utajikuta juu ya Bukavu: namba ya kwanza ni kiwango cha kukuza, ya pili latitudo, ya tatu longitudo. Twitter nayo iliitumia reli kwa kurasa zake, kisha mwaka 2012 ikaiacha, kwa kuwa kivinjari kililazimika kupakua programu nzima kwanza ndipo kijue ni ujumbe gani unatafutwa. Wakati huo vivinjari vilikuwa vimeanza kupata uwezo mwingine, history.pushState, unaoiruhusu programu kuandika anwani kamili bila kuomba ukurasa mpya.

Mwaka 2013 React, maktaba ya kujengea skrini za wavuti, ikawekwa wazi kwa umma, na pamoja nayo ukaenea mtindo wa kuigawa skrini katika vipande vidogo vinavyoitwa komponenti. Hapo ndipo swali letu lilipopata makali.

Tazama kwa karibu programu ya DHIS2 ya kuingizia takwimu, ile mpya iliyotolewa kwa majaribio pamoja na toleo la 2.39 mwaka 2022. Juu kuna komponenti ya kuchagua fomu, ya kuchagua kituo na ya kuchagua kipindi. Katikati kuna jedwali la visanduku vya namba. Kando kuna paneli inayoonyesha historia ya kisanduku ulichobofya. Chini kuna kitufe cha kutangaza kwamba fomu imekamilika. Vyote hivi vinahitaji kujua kituo na mwezi, na havikukaa pamoja kwenye mti wa programu, yaani mpangilio wa komponenti mzazi na watoto wake. Kimoja kipo tawi hili, kingine tawi lile.

Njia ya kwanza ambayo mwanafunzi wa programu huifikiria ni kumkabidhi mzazi. Komponenti ya juu kabisa inashika jina la kituo na kumpa mtoto wake, mtoto anampa wake, mpaka lifike kunakohitajika, kama ndoo za maji zinazopitishwa mkono kwa mkono kutoka chemchemi hadi nyumbani. Komponenti za katikati hazina haja na taarifa hiyo, ila zinalazimika kuibeba. Siku moja mtu anapanga upya skrini, anaondoa mkono mmoja katikati, na huko mwisho kitufe hakijui tena kinakamilisha fomu ya kituo gani.

Njia ya pili ni ghala la pamoja ndani ya kumbukumbu ya programu. Redux, iliyoandikwa na Dan Abramov na Andrew Clark mwaka 2015, ilipata umaarufu kwa kazi hiyo hasa. Kila komponenti inachukua inachotaka ghalani. Hii inafaa kwa mambo mengi, lakini ghala hilo hukaa kwenye kumbukumbu ya dirisha moja tu. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka tena, ghala ni tupu. Mtumiaji anaanza upya: mkoa, eneo, kituo, fomu, mwezi.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa na waandishi wa programu hii ya DHIS2. Uchaguzi wote unaandikwa kwenye anwani, na kila komponenti inausoma kutoka huko moja kwa moja. Katika hifadhidata ya maonyesho ya DHIS2, ambayo hutumia vituo vya Sierra Leone, mwisho wa anwani huonekana hivi:

#/?dataSetId=BfMAe6Itzgt&orgUnitId=DiszpKrYNg8&periodId=202408

Kuna vigezo vitatu, vimeungwa kwa alama ya &. Cha kwanza ni fomu ya afya ya mtoto, cha pili ni kituo cha afya cha Ngelehun, cha tatu ni Agosti 2024. Fomu ingekuwa ya kila wiki, kipindi kingeandikwa 2024W33, yaani wiki ya 33. Jedwali linasoma vyote vitatu. Paneli ya historia vilevile. Hakuna aliyemkabidhi mwenzake kitu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini liwe DiszpKrYNg8 na si jina linalosomeka. Katika DHIS2 ya Kongo majina hutanguliwa na herufi mbili za mkoa, kwa hiyo eneo letu huandikwa "sk Nyantende Zone de Santé". Anwani haikubali nafasi wala herufi yenye alama juu. Jina hilo likiingizwa humo linageuka kuwa sk%20Nyantende%20Zone%20de%20Sant%C3%A9. Zaidi ya hapo, jina la mahali pamoja laweza kubebwa na eneo zima, na hospitali, na kituo, na majina hubadilika pale mipaka inapogawanywa upya. Kitambulisho cha DHIS2 chenye herufi na tarakimu 11, kinachoanza daima kwa herufi, kinabaki kilekile hata jina likibadilika. Kiungo kilichotumwa leo kitaelekeza kituo kilekile mwaka ujao.

Faida inaonekana pale watu wawili wanapotakiwa kuangalia kitu kimoja. Tuseme mhusika wa takwimu anaona idadi ya surua imeruka ghafla katika kituo kimoja. Ananakili anwani, anaituma kwa WhatsApp: "Docta, fungula hii link, uone mwezi wa munane." Daktari akiibonyeza, anafika kwenye fomu ileile, kituo kilekile, mwezi uleule. Kama uchaguzi ungefichwa ndani ya komponenti, kiungo kilekile kingemfikisha kwenye skrini tupu, na maelezo yote yangebidi yarudiwe kwa simu.

Kivu Kusini inajua thamani ya dakika hizo. Aina mpya ya mpox iliyojitokeza Kamituga, mkoani humo, kuanzia Septemba 2023 ilienea hadi nchi jirani, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Katika mlipuko wa namna hiyo taarifa hutazamwa kwa wiki, eneo moja moja. Wanaozungumzia wiki mbili tofauti huku wakidhani wanatazama moja wanaweza kufikia uamuzi mbaya.

Kusoma kigezo kutoka kwenye anwani ni jambo jepesi kwa mwandishi wa programu, ila lina mitego inayojirudia popote, iwe Oslo, Dar es Salaam au Bukavu.

Mtego wa kwanza ni kutotofautisha vigezo vya njia na vigezo vya swali. Anwani inaweza kuandikwa /kituo/DiszpKrYNg8, kitambulisho kikiwa sehemu ya njia yenyewe, au /fomu?kituo=DiszpKrYNg8, kikija baada ya alama ya kuuliza. React Router, maktaba inayotumiwa na wengi kusimamia anwani katika React, ina kifaa cha useParams kwa aina ya kwanza na useSearchParams kwa ya pili. Kigezo cha njia hutambulika tu ndani ya sehemu ya mti iliyolingana na njia hiyo. Menyu ya juu, ambayo mara nyingi huwekwa nje ya sehemu hiyo ili ionekane kwenye kila ukurasa, ikiita useParams hupata mkono mtupu, ingawa kitambulisho kinaonekana wazi kwenye mstari wa anwani. Hili limewachosha vijana wengi wanaojifunza. Kigezo cha swali hakina mpaka huo: komponenti yoyote iliyomo ndani ya React Router inakiona. Angular, mfumo mwingine wa kujengea programu za wavuti, nayo kwa miaka mingi, bila kuagizwa vingine, haikumrithisha mtoto vigezo vya njia vya mzazi wake pale mzazi huyo alipokuwa na komponenti yake mwenyewe. Ilibidi mwandishi aweke mpangilio uitwao paramsInheritanceStrategy.

Kwa skrini ya takwimu, yenye chaguo kadhaa zinazosomwa na kila pembe, vigezo vya swali ndivyo vinavyofaa. Kigezo cha njia kibaki kwa kitu kimoja ambacho ukurasa mzima unakihusu.

Mtego wa pili ni kunakili. Komponenti inasoma kituo kutoka kwenye anwani, inakiweka katika hali yake ya ndani, kisha inaendelea kutumia nakala. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, anwani inabadilika lakini nakala haibadiliki. Kichwa cha ukurasa kinasema Julai na jedwali linaonyesha Agosti. Katika programu ya kuingizia data hiyo ni hatari ya kweli, maana namba za mwezi mmoja zinaweza kuandikwa kwenye mwezi mwingine bila yeyote kutambua. Tiba yake ni kukataa nakala: kila komponenti isome anwani upya kila inapochorwa.

Mtego wa tatu hujitokeza wakati wa kuandika. Komponenti ya kipindi inataka kubadilisha mwezi tu. Ikiandika periodId=202409 peke yake, inafuta fomu na kituo vilivyokuwapo, kwa sababu chombo cha React Router cha kuandika vigezo huweka orodha mpya mahali pa ile ya zamani. Mwandishi anapaswa kuichukua orodha iliyopo, kubadilisha kimoja, na kurudisha vyote. Hata hivyo, komponenti mbili zikiandika kwa pamoja, kila moja ikianza na orodha ileile ya zamani, ya mwisho inafuta kazi ya mwenzake. Mabadiliko yanayokwenda pamoja ni bora yaandikwe mara moja, na mahali pamoja.

Vigezo navyo vina undugu. Mtumiaji akihama kutoka fomu ya kila mwezi kwenda ya kila wiki, 202408 hakina maana tena. Programu ya DHIS2 ina sehemu maalumu ya msimbo yenye kazi ya kuangalia uhusiano huu: kigezo kimoja kikibadilika, inakagua kama vingine bado vinakubaliana nacho, na kisichokubaliana kinaondolewa kwenye anwani. Bila mlinzi huyo, kila komponenti ingejitungia sheria zake.

Kitufe cha kurudi nyuma nacho kinadai uamuzi. Kubadilisha kituo ni hatua ambayo mtu angependa kuirudia nyuma, kwa hiyo iongezwe kwenye historia ya kivinjari. Kuandika herufi katika kisanduku cha kutafutia si hatua. Hiyo ibadilishe anwani iliyopo bila kuongeza nyingine. Asiyetenganisha haya humlazimisha mtumiaji kubonyeza kurudi nyuma mara moja kwa kila herufi. Safari, kivinjari cha Apple, imefikia kuweka ukomo: programu inayoongeza anwani nyingi mno ndani ya muda mfupi hukataliwa.

Pia kila kilichomo kwenye anwani ni maandishi, na mtu yeyote anaweza kuyahariri. 202413 inaonekana kama mwezi lakini haupo. Programu ikague kabla ya kuamini, na ikikuta kigezo kisichoeleweka imwambie mtumiaji wazi kuwa kipindi hicho hakipo, badala ya kumwachia skrini nyeupe.

Suala la ruhusa huwapa watu wengi wasiwasi, na ni haki yao. Je, mtu wa eneo jingine akikipata kiungo cha Nyantende, ataona takwimu zake? Katika DHIS2 kila mtumiaji amepangiwa vituo anavyoruhusiwa, na ukaguzi hufanywa na seva kila data inapoombwa. Anwani inataja mahali tu. Asiye na ruhusa ataikuta imefungwa. Ila tahadhari ni lazima kwa sehemu ya mfumo inayofuatilia mgonjwa mmoja mmoja. Huko anwani hubeba kitambulisho cha mgonjwa, teiId, kikiwa ni herufi na tarakimu zisizomtaja mtu. Jina la mgonjwa, namba yake ya simu au ugonjwa wake havistahili kamwe kuwa vigezo. Kinachokaa baada ya alama ya kuuliza ya kawaida hurekodiwa kwenye kumbukumbu za seva. Kinachokaa baada ya reli hakifiki huko, lakini kinabaki kwenye historia ya kivinjari na katika kila kundi la WhatsApp kilikotumwa.

Kwa vijana wanaojifunza programu katika vyuo vya Bukavu, jaribio la kazi hii halihitaji vifaa. Chagua kituo na mwezi, nakili anwani, ifungue kwenye dirisha jingine ulikoingia kwa jina lako: skrini zifanane. Pakia ukurasa upya: kisibadilike kitu. Badilisha mwezi mara mbili, kisha rudi nyuma mara mbili: kichwa, jedwali na paneli virudi pamoja. Futa kigezo kimoja kwa mkono: programu ikuombe ukichague, isianguke.

Kuna jambo moja ambalo anwani hailiwezi. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, programu ya DHIS2 huhifadhi namba kwenye kompyuta yenyewe hadi mawasiliano yarudi. Wakati huo kiungo kilichotumwa Bukavu kitafungua kituo na mwezi sahihi, lakini daktari ataona visanduku vitupu, maana namba bado zipo kwenye mashine ya Nyantende. Anwani imebeba fomu, kituo na kipindi. Haikubeba kilichoandikwa ndani ya fomu. Jinsi namba hizo zinavyosubiri, zinavyopangwa foleni, na kinachotokea zinapokutana na namba nyingine zilizoandikwa kwenye kisanduku kilekile kutoka mashine nyingine, ndiyo mada ya sura inayofuata.